Uzi: Nimetembelea Arendal, mji wa mabaharia kusini mwa Norway. Bahari isiyopwa, kisiwa cha kusubiri upepo na meli ya watumwa iliyozama

MwanaPangani #1

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Niliahidi kule kwenye uzi wa majahazi kwamba nikirudi safari nitaandika, sasa nimerudi na nimetulia. Mwezi wa saba nilikwenda kumtembelea mdogo wangu anayesoma chuo pale Grimstad, kusini mwa Norway, na kutoka Grimstad mpaka Arendal ni kama kilomita 20 tu, basi. Mi nlipanga kukaa Arendal siku moja nikakaa tano. Kwa mtu aliyezaliwa Pangani, baba baharia, babu mzaa mama fundi wa mashua, ule mji ulinishika vibaya mno.

Kwanza picha ya mji. Nyumba za mbao nyeupe zimepanda mlimani kutoka majini, vichochoro vyembamba, katikati kuna kidimbwi cha bahari kimeingia mjini kabisa wanakiita Pollen, boti zimefungwa pale watu wanakula kamba wa kuchemsha na mkate mweupe na limau, miguu inaning'inia juu ya maji. Pembeni kuna mtaa wa zamani, Tyholmen, ndo nyumba za matajiri wa meli zilipo, na jumba kubwa la mbao la ghorofa nne lililojengwa na tajiri mmoja kati ya 1812 na 1815 halafu likawa ukumbi wa mji. Nyuma yake kanisa la matofali mekundu la 1888, mnara mita 86, ukiwa baharini unauona kabla hujaona mji.

Zamani mji ulikuwa na mifereji, maji yanapita kati ya nyumba, lakini moto uliunguza nyumba za mbao miaka ya 1860 na mifereji ikafukiwa. Ukitembea leo kwenye barabara za katikati unatembea juu ya maji ya zamani.

Sasa kitu kilichonishangaza siku ya kwanza hakikuwa nyumba. Nilikaa gatini tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni nasubiri maji yapwe. Hayapwi! Nilikuwa nimejiwekea alama karibu na nguzo, jiwe moja lenye ukoga, nikaenda kula nikarudi, maji palepale. Nikamuuliza mzee mmoja alikuwa anasugua boti yake, akacheka akanionyesha kwa mkono, kupwa na kujaa kwao ni kama shibiri moja tu. Shibiri wakuu! Sisi Pangani au Unguja bamvua likija maji yanapanda na kushuka mita nne, pwani inaondoka mpaka wanawake wanakwenda kuchokoa pweza robo saa kwa mguu. Kule upepo na hali ya hewa ndo vinapandisha maji kuliko mwezi.

Na ukishalijua hilo ndo unaelewa mji mzima. Ghala zao za mashua zimejengwa mguu ndani ya maji, mlango unafunguka baharini, unatoka kitandani unaingia chomboni. Huku kwetu ukijenga hivyo saa sita mchana mashua yako imelala kwenye tope. Yaani kila kitu pale, gati, ngazi, kamba zinavyofungwa, vimekaa hivyo kwa sababu bahari haiondoki.

Nitaendelea, simu inazima.

Bi_Mkunazini #2

Waalaykum. Endelea mwanangu, tunasoma. Hiyo ya maji kutopwa nimemsomea mume wangu amekataa kabisa anasema umedanganywa 😊

Kibua_Mkavu #3

Mkuu gharama zikoje, na visa? Usituwekee nyumba nyeupe tu.

MwanaPangani #4

Bi Mkunazini shikamoo, mwambie baba ni kweli tupu, nimekaa siku tano nikiangalia lile jiwe.

Kibua, visa ni ile ya Shengeni, Norway hawamo kwenye Umoja wa Ulaya lakini Shengeni wamo. Mimi niliombewa mwaliko na mdogo wangu, anza mapema sana maana kipindi cha kuelekea kiangazi foleni ni ndefu. Gharama ni kubwa, sitaki kukudanganya, kahawa na kipande cha keki inakutoka zaidi ya krona mia. Tuliokoa kwa kupika, mdogo wangu ana jiko. Samaki wanaofaa mfuko ni vibua, wenyewe wanaita makrell, kiangazi wapo tele na watu wanavua na ndoano tu pale ufukweni, ukimpata aliyevua wengi anakugawia. Nilikaanga vibua kwa ndimu na pilipili niliyokwenda nayo, wenyeji wawili walikuja kula, mmoja akaomba tena.

Kufika: kutoka Oslo ni kama kilomita 260. Kuna treni lakini lazima ubadilishe stesheni moja porini inaitwa Nelaug, basi ni rahisi zaidi. Angalizo, basi kubwa linakushusha juu barabara kuu, Harebakken, siyo mjini. Mimi sikuambiwa, nikabaki pale na begi kwenye mvua, ilibidi nisubiri basi dogo la kushuka. Na usiende katikati ya mwezi wa nane kama huna pa kulala, kuna wiki ya mikutano ya siasa wanaiita Arendalsuka, inafanyika tangu 2012, nchi nzima inahamia pale, mawaziri, vyama, waandishi, chumba hupati.

Sasa nirudi kwenye meli.

Mji ule ulianza na mbao. Miaka ya 1600 Waholanzi walikuwa wanakuja kuchukua mialoni na misonobari, maana Amsterdam ni mji wa tope, nyumba zimesimama juu ya magogo yaliyopigwa chini, na magogo mengi yalitoka pwani ile. Nilipoelezwa hilo nilifikiria boriti. Si mnajua boriti zetu za mikoko kutoka Rufiji na Lamu ndo zilizoezeka nyumba za Arabuni na Ghuba karne na karne, mpaka upana wa chumba ukawa unafuata urefu wa boriti? Ni habari ileile, mwenye miti anamuuzia asiye na miti, katikati ni baharia.

Halafu wakaona kwa nini Mholanzi abebe, wakaanza kujenga zao. Kufika miaka ya 1870 Arendal na vijiji vyake ilikuwa moja ya sehemu kubwa kabisa za meli za matanga Norway nzima. Kila mtu alikuwa na kipande cha meli, ndo kitu nilichokipenda, mjane ana hisa, fundi seremala ana hisa, mwalimu ana hisa. Kama kwetu jahazi la ukoo, huyu katoa mbao, yule katoa tanga, faida inagawanywa.

Ndo maana ilivyoanguka ilianguka na wote. 1886 ikagundulika mwenye benki, Axel Herlofson, hesabu zake zilikuwa za uongo, benki ikafa, zikafuata nyingine, watu wakapoteza akiba na meli kwa mkupuo. Na tayari meli za moshi zilishaanza kuyamaliza matanga, wenyewe walikuwa wameng'ang'ania matanga. Wengi walipanda meli kwenda Marekani wasirudi. Mwaka uliofuata, Agosti 1887, wafanyakazi walikutana palepale Arendal wakaanzisha chama cha wafanyakazi cha Norway, ambacho baadaye ndicho kilichotawala nchi hiyo miaka mingi kuliko chama chochote.

Na unajua kwa nini nyumba za zamani zimebaki nzuri vile? Hela zilikwisha. Hakukuwa na wa kubomoa na kujenga upya.

Nahodha_Mstaafu #5

Kijana umenipeleka mbali. Mimi nimeendesha vyombo Tanga, Wete, Mombasa, hadi Lamu, tangu enzi hatuna hata injini ya kusaidia. Nina maswali.

Moja, mashua zao za mbao wanaziungaje, ubao kwa ubao au ubao juu ya ubao? Mbili, wanakalafati na nini, kuziba nyufa maji yasiingie? Tatu, meli ikirudi tupu walijaza farumi gani, ule uzito wa kutuliza chombo? Nne, upepo ukikataa walikuwa wanangoja wapi?

MwanaPangani #6

Shikamoo nahodha. Maswali yako ndo niliyoyauliza mimi, nikaonekana mtu wa ajabu.

Moja. Mashua ndogo za kienyeji ni ubao juu ya ubao, wa juu unalalia wa chini kama vigae vya paa, na wanaanza na ganda, mataruma yanaingia baadaye. Kwa hiyo ukiikuta mashua kwa fundi haijamaliza inasimama bila mbavu, mimi moyo ulikuwa unanienda mbio, kwetu tunasimamisha mkuku, ule uti wa chini, na mataruma kwanza. Meli kubwa ndo zinaungwa ubao kwa ubao kama jahazi. Mashua moja wanaipenda sana inaitwa snekke, ya mbao, injini ya silinda moja, inapiga duk, duk, duk polepole. Asubuhi ukiwa umelala unaisikia inapita, unajua mtu anakwenda kuvua.

Mbili. Lami ya msonobari. Wanachoma visiki vya msonobari polepole mpaka inatoka lami nyeusi yenye harufu ya moshi, ndo wanapaka ubao na kamba. Nimenusa nikakumbuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, pale ufukweni Pangani, harufu tofauti kabisa lakini akili inakwenda palepale. Niliwaeleza deheni, chokaa kwa mafuta, fundi mmoja akaandika kwenye kijitabu chake.

Karibu na hapo kuna mji unaitwa Risør, kila mwaka mwanzoni mwa Agosti wanafanya sherehe ya mashua za mbao, tangu miaka ya 1980. Mafundi wanachonga mbele ya watu. Sikuiwahi.

Tatu na nne nakujibu pamoja kwa sababu jibu ni kisiwa kimoja, Merdø.

Merdø iko mdomoni mwa bandari, boti kutoka mjini kama nusu saa. Haina gari. Meli za matanga zilikuwa haziwezi kutoka mpaka upepo ukae sawa, kwa hiyo zilikuwa zinashuka mpaka kule zinatia nanga na kungoja, siku, wiki, wakati mwingine barafu ikija ni msimu mzima. Marubani wa bandari walikaa kule, watu wa ushuru, watu wa kuuza chakula. Wenyewe wanasema bandari za nje, pwani yote ile zipo. Sisi tulingoja kaskazi na kusi, miezi, na ile kungoja ndo ilizaa ndoa na lugha na watoto. Wao upepo wao hauna ratiba, ukibadilika saa nane usiku watu wanaamshwa wanang'oa nanga.

Farumi ni mawe na changarawe. Bandari za nje zile zilikuwa mahali pa kumwaga farumi, meli inarudi imebeba mawe ya Uingereza au ya Holanzi inayatupa, kisha inapakia mbao. Ukiangalia chini ufukweni Merdø unakuta mawe ya gumegume ambayo hayatoki kwenye miamba ya pale. Nimeokota moja, nimeliangalia, nikalirudisha.

Kuna nyumba ya nahodha imeachwa kama ilivyokuwa, Merdøgaard, ni makumbusho tangu miaka ya 1930. Dari fupi unainama. Ukuta umechorwa, sahani za Uingereza, vikombe vya Holanzi, makabati. Nyumba ile ilinikumbusha nyumba ya bibi yangu Pangani, zile sahani za kutundika ukutani, kasha la Bombei, marashi. Mke wa baharia popote duniani nyumba yake inaeleza mume alifika wapi.

Mama_Muscat #7

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati mwaka wa 19 huu, wazee wangu wa Unguja. Hapo kwenye sahani umenitoa machozi. Bibi yangu alikuwa nazo, na alikuwa anajua kila moja ililetwa na nani na msimu gani.

Swali: swala ulifanyaje? Na jua la huko kiangazi linatua saa ngapi?

MwanaPangani #8

Waalaykum salaam dada. Jua linatua saa nne na nusu usiku na giza lenyewe haliwi giza, mbingu inabaki na weupe kaskazini. Magharibi tuliswali muda wake, isha na alfajiri zimebanana mno, mdogo wangu anafuata ratiba waliyokubaliana Waislamu wa huko na mimi nikamfuata. Chakula tulikula samaki tu.

KijanaWaLikoni #9

Niaje wadau, salamu kutoka Mombasa. Hii Arendal mimi naijua jina lakini sikujua ni mji wa meli! Kuna shirika liko pale, GRID-Arendal, lilianzishwa 1989, linafanya kazi na lile shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri, Nairobi. Nilipokuwa nafanya kibarua kwa mradi wa mikoko huku Pwani, ramani na vitabu vyenye jina hilo vilikuwa kila meza. Nilidhani ni jina la mtu.

MwanaPangani #10

Ndo hapohapo ndugu yangu. Na kwenye kisiwa cha jirani, Hisøy, kuna kituo cha utafiti wa bahari, Flødevigen. Kilianza 1882, nahodha mmoja, Dannevig, aliona samaki aina ya torsk wanapungua akaanza kutotolesha mayai yao na kumwaga vifaranga baharini kwa mamilioni. Wasomi walibishana miaka na miaka kama inasaidia au haisaidii, lakini kituo kimebaki na bado kinapima bahari.

Sasa wakuu naomba niandike sehemu ambayo ndo hasa imenifanya nifungue uzi. Nimeizunguka tangu mwanzo.

Siku ya tatu mvua ilinyesha, nikapanda juu ya mji kwenye makumbusho yao, panaitwa Kuben. Makumbusho yenyewe ni ya tangu 1832, mabaharia walikuwa wanaleta vitu kutoka duniani kote wanavitoa kwa shule ya mji. Nilidhani naenda kuangalia mifano ya meli. Nikaingia chumba kimoja nikakuta pembe za ndovu.

Meli iliitwa Fredensborg. Norway wakati huo ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark, nchi mbili ufalme mmoja. Iliondoka Copenhagen 1767 ikaenda pwani ya Ghana ya leo, kwenye ngome ya Christiansborg, ndo ile ya Osu pale Accra. Ilikaa miezi inanunua watu. Aprili 1768 ikang'oa nanga na watu 265 chini ya sitaha, wanaume, wanawake, watoto. Ikavuka bahari mpaka kisiwa cha St. Croix, Karibi, kilikuwa chao Wadenmark kabla hawajawauzia Wamarekani 1917. Zaidi ya 20 walikufa njiani wakatupwa majini. Waliofika wakauzwa kwenye mashamba ya miwa. Meli ikapakia sukari, tumbaku, pamba, miti ya kutolea rangi, na pembe za ndovu walizotoka nazo Afrika, ikageuza kurudi.

Ilikuwa imebakiza kidogo tu ifike nyumbani. Tarehe 1 Desemba 1768 dhoruba ikaipiga kwenye miamba ya Gitmertangen, kisiwa cha Tromøy, nje tu ya Arendal. Ikavunjika. Watu wote waliokuwemo waliokoka, wakiwemo Waafrika wawili waliokuwa wanapelekwa Copenhagen. Wenyeji wa pale waliwapokea.

Na nahodha alifanya kitu kimoja, alishuka na vitabu vya meli. Kumbukumbu za kila siku, upepo, chakula, nani anaumwa, nani kafa. Vitabu vile vipo mpaka leo. Mwezi wa tisa 1974 wapiga mbizi watatu waliokuwa wamevisoma walizama pale Gitmertangen kuitafuta, na walichokuwa wanakitafuta chini ni pembe za ndovu na miti ya rangi, kwa sababu vitabu vilisema vilikuwemo. Wakavikuta. Kwa sababu hiyo meli hii ni moja ya meli za watumwa zinazojulikana safari yake mwanzo mwisho kuliko karibu zote duniani.

Nilisimama pale muda mrefu. Kuna mama mmoja mfanyakazi alinijia akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia nimetoka mji ambao pembe na watu walishuka kutoka bara wakapakiwa. Hakusema neno, alivuta kiti akanipa nikae. Namshukuru mpaka leo.

Kilichonikaa ni hiki. Mabaharia wana majina, mishahara, vyeo, nani mpishi, nani seremala, nani alikufa kwa homa, na kweli mabaharia wengi pia walikufa. Wale 265 wamehesabiwa. Wanaume wangapi, wanawake wangapi. Karatasi imetunzwa vizuri hivyo, miaka zaidi ya 250, na majina hayamo.

Kibua_Mkavu #11

Mkuu hii imeniumiza. Ila nisaidie, meli hii ilifika na kwetu huku au ni Magharibi tu?

MwanaPangani #12

Magharibi tu, Fredensborg haikufika huku, tusije tukachanganya. Denmark na Norway walibeba kiasi cha watu 100,000 kuvuka Atlantiki kwa miaka yote, wengi wao kutoka upande wa Ghana. Mfalme wao alipiga marufuku kwa sheria ya 1792 ila akawapa miaka kumi ya kujiandaa, ikaanza kazi 1803. Miaka ile kumi wakanunua zaidi.

Lakini mimi ni mtu wa Pangani. Misafara ya pembe ilishukia kwetu. Mashamba ya miwa ya bonde la mto Pangani yalilimwa na watu walionunuliwa. Siwezi kusimama mbele ya kabati la Mnorwe nikalia halafu nikasema kwetu hakukuwa na kitu.

Bi_Mkunazini #13

Sahihi kabisa mwanangu. Mimi nimezaliwa Unguja, hatua chache kutoka pale soko la watumwa lilipokuwa, Sultani Seyyid Barghash alilifunga 1873 kwa kubanwa na Waingereza, kanisa likajengwa juu yake. Utotoni tulicheza pale hatukuambiwa lolote. Nimekuja kuambiwa nikiwa na watoto.

Mama_Muscat #14

Naandika kwa uzito. Wapo wazee wangu waliokuwa upande wa kununua. Bibi yangu yule wa sahani alikuwa anasema majina ya watu wa nyumba, wakiwemo waliokuwa hawakuzaliwa humo kwa hiari, alikuwa anawataja katika dua. Sikuandika. Amekufa 2009.

Nahodha_Mstaafu #15

Mungu amrehemu dada yangu.

Kijana, ulifika penyewe? Hiyo miamba?

MwanaPangani #16

Nilifika nahodha. Siku ya nne mvua imekata, Tromøy kuna daraja, unakwenda na basi. Upande wa nje wa kisiwa unaotazama bahari kuu sasa ni hifadhi ya taifa, Raet, tangu 2016. Ni kilima cha mawe yaliyosukumwa na barafu ya kale, kisha bahari ikayasugua mpaka yakawa mviringo kama mayai, makubwa kwa madogo. Ukitembea yanalia chini ya mguu. Mbele yako taa mbili, Torungen kubwa na Torungen ndogo, minara ya 1844. Waliweka mbili ili nahodha azipange, akiziona zimekaaje ajue yuko upande gani. 1768 hazikuwepo, Desemba usiku mrefu, theluji, wale waliokuja na Fredensborg hawakuwa na kitu cha kuwaongoza.

Nilikaa juu ya mawe. Watoto wa wenyeji walikuwa wanaogelea, mama zao wanamenya kamba. Bahari tulivu kama kwenye bakuli. Nilisoma fatiha. Sikujua nimsomee nani kwa jina, nikasema wale wa Fredensborg.

Nikirudi mjini jioni ile nilizitazama zile nyumba nyeupe kwa namna nyingine. Siyo kwamba zimejengwa na hela ya watumwa, sitaki nizue, nyingi ni hela za mbao na mizigo za miaka mia baadaye. Lakini bahari ni hiyohiyo na ufundi ni huohuo, anayejua kukalafati anakalafati meli ya mbao na meli ya watu. Nawaheshimu wale watu wa Arendal kwamba wameviweka vyote viwili, mashua zao nzuri na hii. Wangeweza kuiacha chini ya maji.

Kwa hiyo atakayekwenda, tafadhali usiishie Pollen na aiskrimu. Siku moja Merdø, siku moja Kuben, siku moja Tromøy, mwisho wa siku panda kile kivuko kidogo cha Kolbjørnsvik, dakika chache tu, ukae upande wa pili uutazame mji jua likiwa linashuka. Boti ya Merdø hakikisha ratiba ya kurudi kabla hujashuka, nje ya kiangazi safari ni chache.

KijanaWaLikoni #17

Ahsante sana bro. Huku kwetu Mombasa kuna wazee wa majahazi pale bandari ya zamani nawapita kila siku, sijawahi hata kuwasalimia vizuri. Kesho naenda na kaimati.

Nahodha_Mstaafu #18

Nitumie namba kwenye kisanduku. Nina daftari langu la safari 1968 mpaka 1983, panya wamekula kona lakini linasomeka. Sijapata mtu wa kumpa.

MwanaPangani #19

Nahodha nimekutumia, nakuja Tanga mwisho wa mwezi inshallah, usimpe mtu mwingine.

Wakuu jana usiku nilimpigia mzee wangu, nikamsomea huu uzi wote mpaka hapa. Kwenye farumi akanikatisha, akasema wao walikuwa wanajaza mchanga wa Pangani na kwenda kuumwaga Wete, kwa hiyo kuna Pangani iko Pemba. Nikamuuliza safari yake ya kwanza mlikuwa wangapi chomboni. Akasema saba. Nikamwambia subiri baba nichukue kalamu. Akanitajia wote saba, na baba zao, na mmoja aliyekuwa anajulikana kwa lakabu tu akasema ngoja, ngoja nikumbuke jina lake la kweli, akanyamaza sana mpaka nikadhani simu imekatika. Hakulikumbuka. Leo alfajiri kaniamsha kwa simu, analo.